Mgongo wa Mama na Miguu ya Gari

Mama mkwe wangu ana hadithi moja ambayo kwa miaka minne sikuwahi kuusikia mwisho wake. Ni ya harusi yake, mwaka 1965, alipotolewa kwao upande wa Nshamba na kupelekwa Kamachumu kwa lori la kahawa. Huianza kila tunapomchukua kumleta Bukoba kliniki, gari likishaiacha migomba ya nyumbani kwake na kuanza kuteremka. Anasimulia vizuri, kwa vituo na kwa sauti za watu. "Basi lori likasimama mlimani. Baba mkwe wangu akashuka, akazunguka nyuma, akamwambia dereva..." Hapo tunalifikia kalavati lililo kabla ya Muhutwe. Gari linaingia, linagonga, linatoka. Mama ananyamaza. Tukishavuka haendelei, anauliza sukari siku hizi ni shilingi ngapi.

Nilidhani ni usahaulifu wa uzee, maana ana miaka 78. Sikumuuliza. Kumwambia mkwe kwamba amesahau si adabu. Sababu yenyewe niliiona siku nilipomwachia binti yetu kiti cha mbele, nikakaa nyuma na mama. Mkono mmoja alikuwa ameshika kishikio cha juu ya mlango, wa pili ameukita kwenye kiti. Kabla ya kila shimo alijiinua kidogo, akabana midomo, akangoja pigo, kisha akajishusha polepole. Barabara yote ile alikuwa ameikariri, shimo kwa shimo. Tulipofika nyumbani Bilele, nikimsaidia kubadilisha nguo, nikakuta chini ya gauni amejifunga kanga mbili kiunoni, zimekazwa kama za mtu anayekwenda kupalilia.

"Mgongo, mwana wange," aliniambia. "Nikijifunga hivi, nafika."

Miaka minne mama wa watu amesafiri ndani ya gari letu kama aliyejitwisha mzigo, na sisi mbele tukisikiliza redio. Mume wangu nilipomweleza usiku ule aliisukuma sahani. Kesho yake alfajiri nilimkuta uani amelala chali chini ya gari na tochi ya simu.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, ile watu wanayoiita 110, ya mwaka 1999, namba B, na saa yake imeshapita kilomita 312,000. Tulilinunua mkononi mwa mtu. Limebeba watoto, saruji, mikungu ya ndizi na wagonjwa wa mtaa mzima. Injini haijawahi kutuudhi. Lakini miguu ilikuwa inagonga, na kugonga kwake tulikuwa tumekuzoea jinsi mtu anavyouzoea mlio wa bati la jirani. Ukipita tuta, ngo. Ukikata kona ya Rwamishenye, ngo-ngo. Bukoba hunyeshewa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji hayo hukaa kwenye mashimo yakiyala kingo zake. Gari la huku hulipa deni hilo kwa miguu.

Tulilipeleka gereji moja mjini. Fundi alichungulia, akaona shokapu za mbele zinavuja mafuta, akasema dawa ni kubadilisha hizo tu. Tukatoa shilingi 180,000 za shokapu mbili mpya na ufundi juu. Jioni mume wangu akanichukua tukalijaribu. Tulifika Kemondo tukiwa hatusemezani. Gari lilikuwa limekakamaa kama kitanda cha mbao, na ile ngo-ngo haikupungua hata kidogo. Tuliporudi, fundi akasema basi ni bushi, zile raba za mikono ya chini. Akaweka bushi mpya. Kwa wiki sita tukapata utulivu, mama akasafiri mara moja na kusema gari limekuwa na adabu. Kisha mlio ukarudi, na mama akarudia kanga zake. Mwezi wa Oktoba akatuma ujumbe kwa kijana wa pikipiki: amejisikia vizuri, kliniki ya mwezi huu ataiacha, na hizi hapa ndizi.

Ndizi zile zilikaa jikoni siku mbili bila mtu kuzimenya.

Naomba nieleze hapa nilichojifunza, kwa kuwa hakuna aliyetueleza tulipokuwa tukitoa fedha. Kinacholibeba gari ni springi. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi. Springi ukiibonyeza na kuiachia inadunda, inadunda tena, na ingeendelea kudunda mpaka ichoke yenyewe. Ndani ya shokapu mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Springi inapotaka kudunda, mafuta yanalazimishwa kupenya kwenye vile vitundu, nguvu ya mdundo inageuka joto, na gari linatulia. Ukienda kwenye kona ya gari lako sasa hivi, ukalibonyeza kwa uzito wako na kuliachia, linapaswa kupanda na kukaa. Likicheza mara mbili tatu, shokapu zimekwisha. Lakini shokapu nzuri kuliko zote haiwezi kunyamazisha mlio unaotoka kwenye raba zilizokatika za mkono wa chini, wala maunti iliyolegea kule juu inakoshikiliwa na bodi. Sisi tulikuwa tumempa mgonjwa wa jino dawa ya macho.

Shemeji yangu mdogo alikuja mwezi Novemba. Ni kijana anayesomea ufundi, mwenye moyo mkubwa, na aliposikia mama yake amegoma kupanda gari kwa heshima tu, bila kulalamika, alilichukua jambo hili kuwa lake. "Shemeji," aliniambia, "gereji hawana uchungu na mama. Mimi ninao." Alikuwa na kaka wa rafiki yake anayekwenda na mabasi ya Kampala kupitia Mutukula, akaagiza maunti mbili kutoka soko la Kisekka, ambako spea za Toyota hazikosekani. Jumamosi akaanza kazi uani kwetu.

Mama alikuwepo. Tulimleta kwa basi kubwa, kwa ombi lake mwenyewe, na hilo peke yake lilimchoma mume wangu. Ulikuwa msimu wa senene. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wameshuka kwenye taa za mtaa kama mvua ya kijani, na asubuhi nyua zote za Bilele zilikuwa na watu wameinamia ungo wakinyonyoa mabawa na miguu. Mama alikaa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya jiko, ungo mapajani, akitueleza kwamba enzi za usichana wake wanawake walinyonyoa na wanaume wakala, na jinsi alivyoonja wa kwanza kwa siri nyuma ya ghala la kahawa. Hatua chache kutoka hapo shemeji alikuwa ameshautoa mguu wa kulia wa gari na kuuegemeza ukutani.

Katika gari kama letu springi na shokapu ni mguu mmoja: shokapu imesimama katikati, springi imeizunguka, na kileleni imefungwa kwa nati moja iliyo juu ya maunti. Muundo huo ni wa Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani. Ford wa Uingereza waliuonyesha kwenye Consul na Zephyr mwaka 1950, na mwaka 1955 Zephyr ikashinda mbio za Safari zilizokuwa zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni muundo mwepesi na mgumu kufa. Ila springi iliyomo imebanwa muda wote. Ile nati ndogo ya juu ndiyo inayoizuia isiruke, na ukiifungua kabla hujaibana springi kwa vyuma vyake, umefungua mtego.

Shemeji hakuwa na vile vyuma. Alikuwa na kamba ya manila. Aliizungusha springi mara nyingi, akafunga mafundo, akaikanyaga kwa mguu, akaweka spana.

Mama aliinuka kwenda kuchukua chumvi. Sijui ni kwa nini alikwenda yeye wakati mimi na binti yangu tupo; kwa kawaida angemtuma mtoto. Aliweka ungo juu ya kiti, akaingia jikoni. Nati ikatoka.

Sikuona kitu kikiruka. Nilisikia mshindo, kisha mlio wa bati likipasuka, kisha senene wakawa hewani kama wamepata tena mabawa yao. Maunti ya chuma ilikuwa imepaa, ikatoboa bati la jiko, ikarudi chini na kukivunja kiti cha mama katikati. Springi ilikwenda kugonga pipa la maji. Shemeji alikuwa amekaa chini ameshika mkono wake wa kushoto, damu inatoka katikati ya vidole.

Majirani walitoka mbio nje, wengine na watoto migongoni. Watu wa Bukoba hatujasahau Septemba 10, 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoziangusha nyumba zetu. Na siku hii nayo ilikuwa Jumamosi. Jirani wa nyuma alisimama katikati ya njia akiita jina la mwanawe aliyekuwa amemshika mkono. Ilibidi nizunguke kwa kila mmoja kumwambia si ardhi, ni gari.

Mama alitoka jikoni na chumvi mkononi. Alikitazama kiti, akalitazama tundu la bati, kisha akaenda moja kwa moja kwa mwanawe wa mwisho, akaivua kanga ya kiunoni, akaanza kumfunga mkono. Hakusema neno. Hospitali alishonwa nyuzi tano, na kwa neema ya Mungu vidole vyote vinakunja.

Usiku ule mume wangu alitaka kuliuza gari kama lilivyo, juu ya mawe. Mimi nilikataa, na sababu niliyompa ndiyo ninayoiamini mpaka leo: tungenunua lingine lililotumika, nalo miguu yake ingekuwa imekwisha vilevile, na mama angelazimika kuanza upya kukariri. Tulikuwa na fedha ya vigae vya sebuleni. Vigae vikasubiri.

Kuna mzee mmoja anayefanyia kazi Hamugembe, chini ya mwembe, na shimo la kuingilia chini ya gari alilolijengea kwa mawe. Jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi. Tulimfikishia gari likikokotwa, mguu mmoja ndani ya buti. Nilimwamkia, akaitikia, akasikiliza habari yote bila kukatiza, kisha akauliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kutuuliza.

"Anayeumia anakaa wapi?"

"Nyuma, mzee. Upande wa kushoto."

"Basi siku ya kufunga mje naye."

Aliingia shimoni na taa. Baada ya muda akaniita niteremke nione, nami nikateremka na gauni langu. Akanionyesha bushi zile mpya za gereji. Bushi ni raba iliyogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, dogo ndani ya kubwa. Mkono wa gari unapopanda na kushuka, raba haitelezi. Inajinyonga kidogo na kurudi. Raba zetu zilikuwa zimechanika duara zima, na bado ni nyeusi za dukani. "Hizi hazikuuawa na barabara," alisema. "Zimeuawa na spana. Walizikaza gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Ukilishusha, raba tayari imejinyonga kabla hata hujawasha. Inasafiri imejinyonga, inalala imejinyonga. Mwezi mmoja, miwili, inachanika." Akachukua kitambaa kilicholowa, akakishika ncha zote mbili na kukikamua, akanishikisha. "Kaa nacho hivyo mpaka kesho, uone kama mikono haitauma."

Nilikumbuka kanga za mama.

Orodha yake ilikuwa ndefu kuliko tulivyotaraji, na fupi kuliko tulivyoogopa: shokapu nne, siyo mbili, kwa sababu za nyuma zilikuwa zimekufa zamani bila kuvuja tone (na yeye husema shokomzoba, kama wazee wote), maunti za mbele na beringi zake, bushi nne za mikono ya chini, stabilaiza linki mbili, vile viraba vya kuzuia springi isigonge mwisho, ambavyo vyetu vilikuwa vimebaki unga. Springi zenyewe alizisimamisha mezani, akazipima kwa futi kamba kila moja na mwenzake, akasema hizi ni za Japani na zitatuzika. Bolijointi alizitikisa kwa mtaimbo akaziacha. Hilo lilinifanya nimwamini zaidi. Shokapu zile ngumu tulizouziwa kwanza alizigeuza mkononi, akasema ni za gari zito kuliko letu, na akanirudishia nizitunze, huenda zikampata mwenyewe. Jumla, na ufundi, ilikuwa shilingi 860,000.

Vyuma vya kubana springi alikuwa navyo, jozi mbili, makucha yenye skrubu ndefu zilizopakwa grisi. Alimwita shemeji, mkono ukiwa bado na bandeji, asimame karibu. Hakumgombeza. Alimfanya ahesabu kwa sauti kila mzunguko wa spana, kulia mara tatu, kushoto mara tatu, mpaka springi ikajikunja na kukaa huru kwenye kiti chake ikichezacheza. "Sasa," alisema, "hata mtoto anaweza kuifungua." Akampa shemeji spana aifungue yeye kwa mkono wake mzima. Kijana alitetemeka, akaifungua. Nati ikatoka na kukaa kiganjani kwake.

Kazi ilikula siku mbili, maana kutu ya Bukoba haina haraka. Bolti mbili zililazimika kupashwa moto na moja ikakatwa. Siku ya pili, saa tisa, tukamleta mama. Gari lilikuwa limesimama juu ya shimo kwa magurudumu yake manne, kila kitu kimefungwa ila hakijakazwa. Mzee alimshikia mlango wa nyuma wa kushoto. "Panda, mama, ukae kama unavyokaa ukija mjini." Mume wangu akaketi kwenye usukani, mimi kando ya mama, shemeji mbele. Mzee akalisukasuka gari kila kona likae mkao wake, kisha akateremka shimoni. Tukawa tunamsikia chini yetu, bushi moja baada ya nyingine, akikaza spana huku uzito wetu wote ukiwa juu yake. Mama aliuliza anafanya nini. Nikamwambia anaifundisha raba jinsi ulivyokaa.

Kabla hatujaondoka akapima upepo. Mume wangu alikuwa akijaza matairi mpaka yawe mawe, akiamini anaokoa mafuta. Mzee akaupunguza hadi kiasi kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, karatasi ambayo imekuwa pale tangu Japani na hatukuwahi kuisoma. Akatuagiza tukapange mwelekeo wa magurudumu kabla ya safari ndefu, tukafanya hivyo kesho yake.

Safari ya kwanza ya kumrudisha Kamachumu nilikaa naye nyuma. Gari lilipita matuta kwa mlio mmoja mzito wa chini, kama mtu anayeweka gunia sakafuni kwa uangalifu, likatulia papo hapo. Lakini mama hakuachia kishikio. Alijiinua kabla ya kila shimo, akabana midomo, akangoja pigo ambalo halikuja, akajishusha. Njia nzima. Mume wangu aliniangalia kwenye kioo na nikaona macho yake. Raba tulikuwa tumezibadilisha, ila mwili wa mama haukuwa umeambiwa. Mwezi uliofuata ikawa vilevile, ila kanga ilikuwa moja.

Mwezi wa tatu tangu matengenezo, yaani Januari, tulimchukua asubuhi baada ya mvua. Alikuwa na kahawa za kutafuna ndani ya jani la mgomba, akatugawia. Tulipoanza kuteremka akaianza hadithi yake ya mwaka 1965: lori la chama cha ushirika limetoka kupeleka kahawa na linarudi tupu, bibi harusi yuko nyuma na mashangazi wanne, barabara ni ya mawe, na kila lori likiruka mashangazi wanarushwa na vikapu vyao.

"Basi lori likasimama mlimani. Baba mkwe wangu akashuka, akazunguka nyuma, akamwambia dereva..."

Tuliingia kalavatini. Mikono yote miwili ya mama ilikuwa hewani, akionyesha ukubwa wa tumbo la baba mkwe wake.

"...akamwambia, 'Wewe, springi za lori hili zimezoea kahawa, hazijui mtu! Utanivunjia mke wa mwanangu!' Akaingia kwenye boma la mtu pale kando ya njia, akatoa magunia sita ya kahawa, vijana wakayapakia, lori likashuka, likatulia. Mimi wakaniketisha juu ya magunia. Nikaja mpaka Kamachumu kama nimebebwa na mama yangu, waitu."

Mume wangu alikuwa amepunguza mwendo hadi karibu kusimama. "Mama," aliuliza, "na magunia yalikuwa ya nani?"

Mama alicheka mpaka kahawa ikamtoka mdomoni. "Ndiyo kesi yenyewe sasa," alisema. "Ngoja nikueleze."